Matenga ya Kasimiri

Kijiwe chetu kiko mbele ya mgahawa wa Marselina, jirani na stesheni ya Mpanda. Mimi nauza kahawa. Wateja wangu ni watatu, wanajua kila kitu isipokuwa kazi. Benchi lilipovunjika miguu waliokota vitu vya kuegemeza ubao, wakaendelea kukaa kama mabwana. Leo Marselina ametoka jikoni amenuna. Migebuka ya Karema imeadimika, abiria wanavuka barabara kula kwingine. Treni ya Jumamosi ikimkuta hana samaki, anafunga mgahawa na kurudi kwao Kasansa.

Marselina: Lori la Karema likikaribia kuja natoa matenga matupu hapa nje. Kasimiri, mvuvi wangu, akiyaona kule ziwani anajua samaki wameisha, anayajaza, anarudisha. Ndiyo maagizo yetu. Sasa matenga yanaondoka, samaki hawaji. Nahisi amenitupa.

Faustini, tunayemwita Injini kwa kuwa aliwahi kutandaza reli, akapuliza kahawa.

Injini: Hajakutupa, dada. Ni lori. Likishindwa mlima, dereva anamwaga samaki apunguze uzito.

Evodi, kibarua wa machimbo, jina lake la kijiweni Baruti, akaguna.

Baruti: Nyie hamjui. Tukilipua mwamba huku, ziwa linapata ufa. Maji yanavuja, samaki wanayafuata.

Gelasius tunamwita Bwana Shauri, maana kila kesi anaihukumu yeye.

Shauri: Ufa gani? Samaki wamesikia treni. Wamehamia Kongo, ng'ambo hakuna kelele.

Marselina: Wote?

Shauri: Wamebaki wazee.

Hapo lori likasimama. Akashuka Melkior, dereva mgeni kwenye njia hii, akasalimia.

Melkior: Mama, Kasimiri ana samaki wamejaa kibandani, hana cha kuwatia. Anauliza, matenga yake mmeyapeleka wapi?

Injini akachungulia kikombe chake. Baruti akaanza kufunga kiatu kilichokuwa kimefungwa. Bwana Shauri akakohoa. Marselina akainama polepole, akatazama chini ya ubao.

Marselina: Inukeni.

Waliinuka. Wakayakung'uta matenga wenyewe, wakayanyoosha yalipobonyea, wakayapandisha kwenye lori bila kuambiwa.

Jumamosi harufu ya migebuka ilifika mpaka stesheni, na abiria wakajaa mgahawani. Kijiwe kilinywa kahawa kimesimama. Marselina hana kinyongo, hata wao aliwapakulia. Maharage.