Barua ya Onyo kwa Bi Dirisha

Baada ya miaka thelathini na moja kwenye meza ile ile ya kukatia vitambaa, Bi Dirisha anastaafu leo, tarehe ishirini na nane. Ofisi iliniomba mimi, mshonaji wa mashine ya tatu, niandike wasifu wake kwa maneno mazuri niwasomee kwenye hafla hii, na haikuomba kuusoma kwanza. Maneno mazuri yapo tele. Ila nina hasira, na sitaificha.

Alianza kazi kwa kufagia vipande chini ya meza hiyo. Huko ndiko alikoona tunachokitupa: nusu ya waridi, jani lisilo na shina. Mwaka wa pili akapewa mkasi, na tangu hapo mablanketi mengi ya viraka yaliyotoka katika karakana hii yamepita mikononi mwake.

Jina lake la utani tulimpa sisi. Alichukua kifuniko cha boksi la viatu, akatoboa katikati tundu la mraba kama dirisha, kipimo cha kiraka kimoja. Kabla ya kukata, huisogeza kadi hiyo taratibu juu ya kitambaa, akichungulia kama jirani mmbea, aone kila kiraka kitatokaje. Maua madogo humaliza upesi. Maua makubwa, yale yenye upana wa sahani, anaweza kuyachungulia asubuhi nzima. Tulimcheka mpaka mbavu zikauma. Halafu tukaona mablanketi yake yakigombewa, na yale tuliyoyakatakata sisi yakirudishwa na wateja, wakiuliza kama kitambaa kilimwagikiwa rangi. Tukaacha kucheka.

Mtindo aliouchagua kwa maua makubwa hauna makuu: kiraka kipana, ua zima ndani yake, na ukanda mwembamba wa rangi moja kulizunguka ili jicho lipumzike. Alitufundisha kurudi nyuma hatua sita na kutazama kabla ya kugusa mkasi. Mimi niliwahi kujifanya mjuaji, nikapasua katikati ua kubwa kuliko yote. Hakunifokea. Aliniambia niunganishe vipande nione kama ua litarudi. Halikurudi, na mshono ule sijausahau.

Sasa nije kwenye linaloniuma. Mwezi huu msimamizi wetu alimletea kitambaa cha mawaridi mekundu, kizuri ajabu, pamoja na karatasi ya maelekezo: kikatwe vipande vya upana wa vidole vinne. Bi Dirisha akaweka kadi yake, akachungulia, akakataa. Alieleza kwa upole kwamba katika vipande hivyo hakuna atakayejua kama lilikuwa ua au kidonda. Msimamizi akamjibu kwamba karatasi imeshapigwa muhuri. Bi Dirisha akakata anavyojua yeye. Kesho yake akapewa barua ya onyo kwa ukaidi. Barua ya kwanza katika miaka thelathini na moja, siku ishirini kabla ya kustaafu! Aliikunja, akaitia mkobani, akaendelea na kazi. Jioni nilimsindikiza mpaka kituo cha basi, na njia nzima alilia.

Wiki hii tumeletewa jina lake ili tulidarizi pembeni mwa blanketi la mawaridi yale yale, ndipo tukaelewa. Kitambaa kile kilikuwa cha zawadi yake ya kuagwa! Ofisi ilitaka iwe siri, ikampa akate mwenyewe kwa sababu hakuna mkono mwingine inaouamini, kisha ikamwadhibu kwa kukataa kuiharibu zawadi yake. Mimi nimeshona mengi humu, lakini hili limenishinda kulimeza.

Muda si mrefu blanketi litafunuliwa mbele yenu. Hesabuni mawaridi: ni kumi na mawili, na hakuna hata moja lililopasuliwa. Nakala ya barua bado imo kwenye faili lake, na kosa lililoandikwa humo ni hilo hilo mtakalolipigia makofi. Bwana msimamizi, umekaa safu ya mbele. Washonaji wote tunakuomba uitoe failini, uichane hapa, kabla ya makofi.

Bi Dirisha, asante kwa mkasi wako na kwa subira yako kwetu. Kadi yako tumeitundika juu ya meza, na haitatolewa. Tunakuombea afya na siku za raha nyumbani kwako. Kila usiku ulale salama, mama, chini ya maua mazima.