Kiti Kisicho na Mbigili: Ambrose Sugden Anaondoka Fernholme

Ambrose Sugden anastaafu Jumapili, tarehe 31 Oktoba, siku tunayofunga madirisha ya Fernholme kwa ajili ya majira ya baridi. Ameongoza wageni katika nyumba hii ya makumbusho kwa miaka ishirini na tisa.

Alitujia baada ya kiwanda cha nyuzi kufungwa, na sauti iliyozoea kushindana na mashine. Haikupungua hata karibu na vyombo vya kaure. Ndiye aliyeanzisha desturi ya kuweka mbigili kavu yenye miiba juu ya kila kiti cha kale, badala ya kibao cha kukataza. Diwani mmoja aliikalia ile ya sebuleni akaruka. "Pole, mheshimiwa," Ambrose alimwambia, "kiti hicho hakigombewi."

Chumba cha mtumishi, kule darini, kilimsumbua. Kina kitanda, beseni, kiti, na jina Keziah lililochorwa kwenye kioo cha dirisha. Wageni walikuwa wakipiga miayo. Basi Ambrose akatunga kisa: Keziah aliiba kijiko cha fedha, akapekuliwa humo humo, akafukuzwa mvua ikinyesha. "Kwa hiyo mkishuka," alimalizia, "chungeni mifuko yenu!" Watu walicheka. Waongozaji wengine wakakichukua kisa hicho, na miaka ikapita.

Majira ya kuchipua miaka sita iliyopita, mama mmoja mzee, Winifred Oldroyd, hakucheka. Alikuwa amemshika mkono mjukuu wake.

"Habari ya kijiko umeipata wapi?"

"Ndivyo inavyosemwa, mama."

"Na nani? Keziah ni bibi yangu. Aliondoka hapa kwenda kuolewa, na tajiri wake ndiye aliyemshonea gauni. Nimemleta huyu mtoto aone jina lake. Sasa ananiuliza kama sisi ni ukoo wa wezi."

Wageni walitazama sakafu. Mama yule alishuka na mtoto kwa ngazi za nyuma, zile za watumishi. Ambrose alipofika getini, gari lilikuwa limeshaondoka.

Tangu siku hiyo, katika kila ziara, amesimama mbele ya dirisha lile na kusema kwamba alimfanya msichana mwema mwizi kwa sababu chumba kilikosa mvuto. Si wote waliopenda. "Tumelipa tuje tufurahi, bwana," mgeni mmoja alilalamika. "Na mimi nalipwa niseme kweli," Ambrose alijibu, uso umemwiva. Uongozi ulimwomba aache. Alikataa.

Aliondoa pia mbigili kwenye kiti cha Keziah, ili mama Oldroyd akipanda tena ngazi zile apate pa kukaa. Hajarudi.

Tulitaka kumuaga Ambrose kwa saa ya ukutani. Akasema saa anayo. Anachoomba ni kiti kile kibaki hivyo hivyo, na atakayempokea kazi aseme maneno yale yale. Tumekubali yote mawili.

Asante, Ambrose. Upumzike kwa afya na amani. Kiti tutakiacha wazi.