Chuma cha Ndani ya Bodi

Benchi letu ni ubao juu ya matairi mawili chakavu, mkabala na karakana yangu. Asubuhi ile kila mtu alikuwa na kikombe chake cha kahawa, lakini macho yote yalikuwa ndani ya bodi ya lori la saruji. Ndiyo kazi ya mwisho ya mwanangu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Ndani, usawa wa goti, aliunga kipande cha nondo kilichopinda kama mkono wa ndoo. Mimi na yeye hatukukipanga. Mwenye lori alisema nimweleze kina kazi gani, au nikikate kabla hajaja. Grinda ya kukatia ilikuwa tayari kwenye umeme.

— Cha kufungia kamba, akasema Breki, dereva mstaafu.

Mapazia, fundi cherehani, akacheka.

— Kulabu za kamba si zile kule juu? Umeendesha malori maisha yako yote ukiwa umefumba macho?

— Basi sema wewe, mtu wa vifungo.

— Cha muda tu. Kama ninavyopiga bandi kabla ya kushona. Alisahau kukitoa.

Nikatikisa kichwa.

— Cha muda hupigwa doti mbili, ndugu yangu. Hiki kimeungwa pande zote, kikasagwa, kikapakwa rangi.

— Basi cha kutundikia koti, akasema Breki.

— Usawa wa goti? Koti la nani, la kuku?

— Haya, cha radi! Radi ikipiga inashukia pale, dereva anasalimika.

— Halafu inakwenda wapi, kwenye saruji? akasema Mapazia, akanigeukia. — Sikiliza, Mzee. Hicho ndicho kinachoshika bodi nzima. Ukikikata, lori linafumuka lote kama sweta.

Wote wawili wakanitazama. Mimi ndiye niliyemfundisha mwanangu kuchomelea. Mshono wake naujua kama sauti yake. Ule ulikuwa mzuri kuliko yote, na sikujua ni wa nini.

Akaja mpakiaji mgeni, katumwa na mwenye lori kuliangalia. Akapanda, akakishika kile chuma, akakitikisa. Hakikucheza.

— Wazee wangu, mnabishana bure. Kwani aliyekiunga anasemaje?

Breki akainamia kikombe chake, nacho kilikuwa kitupu. Mapazia akaanza kuvuta uzi kwenye mkono wa shati lake.

Nikaenda kuchomoa waya wa grinda. Mwenye lori akija, nitamwambia sijui.