Mafungu Matatu ya Mrehani

Benchi letu liko kati ya kibanda cha kinyozi na duka la fundi cherehani, na mguu wake mmoja umeegeshwa juu ya tofali. Mama Kahawa hutuuzia kahawa hapo hapo. Jioni hiyo hakuna aliyezungumzia mpira. Fundi alikuwa ametoka sokoni na mafungu matatu ya mrehani, akayalaza juu ya gazeti katikati yetu kama mtu anayeleta mashahidi. Binti yake, aliyekwenda kusoma mbali baada ya kumzika mama yake, alikuwa anarudi kesho. Kwenye simu alikuwa ameomba kitu kimoja tu: mchuzi wa nyanya wa mama.

Fundi: Nimeupika wiki nzima. Nyanya zile zile, sufuria lile lile. Unatoka mchuzi wa mtu mwingine. Nadhani ni mrehani; sijui alikuwa anatia upi.

Kinyozi: Haya majani mapana ni ya kupendeza macho. Chukua haya madogo madogo. Kitu kidogo ndicho kikali. Mtazame mke wangu.

Mama Kahawa: Nitamfikishia.

Kinyozi: Mama, nimesema kwa heshima.

Waziri ni fundi wa redio. Tulimpa cheo hicho kwa sababu hajawahi kukosa jibu. Alichukua fungu la zambarau, akalinusa mpaka akapiga chafya.

Waziri: Ni hili. Rangi ya giza maana yake limekunywa jua likalewa.

Fundi: Nililitia juzi. Mchuzi ukawa kama wino.

Waziri: Ulilikata kwa kisu. Jani la mrehani lina kinyongo, ukilikata linanuna, linakuwa jeusi. Lichane kwa vidole huku unaliongelesha.

Kinyozi: Unaliambia nini?

Waziri: Habari za nyumbani. Lolote, mradi usitaje siasa.

Kinyozi: Kumbe ndiyo maana redio zako haziponi. Unaziongelesha.

Mama Kahawa alituongezea kahawa, birika likainamishwa zaidi kuliko kawaida.

Mama Kahawa: Fundi, ukishayanunua unayaweka wapi?

Fundi: Kwenye friji, yasinyauke.

Mama Kahawa: Baba wee. Baridi inayaunguza hayo. Yanataka glasi ya maji, vikonyo chini, kama maua.

Fundi: Mke wangu alikuwa na glasi dirishani. Miaka yote hiyo nilidhani ni maua.

Kinyozi alijifanya anatafuta kiberiti.

Waziri: Friji haina kosa. Kosa ni soko. Mrehani una masikio. Ukilala sokoni na zile kelele, harufu inaingia ndani kama kichwa cha kobe. Inabidi ununue fungu ambalo halijasikia kitu.

Kinyozi: Yaani lililo kiziwi.

Waziri: Sasa unanielewa.

Hapo alifika muuguzi mmoja, bado na sare ya kazi, kuchukua sketi yake iliyokuwa inapunguzwa kiuno.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu.

Alisimama akisubiri, na kwa sababu tulikuwa tunapiga kelele, alisikia yote, ya mrehani, ya marehemu na ya binti anayerudi kesho. Kisha akamgeukia Fundi.

— Baba, mama alikuwa anayatia lini? Mchuzi ukiwa motoni, au ukishaipuliwa?

Tulimtazama Waziri. Waziri alitazama viatu vyake.

Fundi: Sijui.

Alikunja ukingo wa gazeti, akaukunjua.

Fundi: Harufu ilikuwa inanifuata kwenye cherehani. Ni mlango tu kati yetu. Nilikuwa nikisema, ngoja nimalize pindo hili. Nikiingia, sahani iko mezani.

Muuguzi: Na dada mwenyewe, huyo anayerudi?

Fundi: Huyo hakuwa akitoka jikoni. Alikuwa anakalia ndoo iliyopinduliwa, anamchambulia mama yake majani.

Akageuka.

Fundi: Mama Kahawa, birika lina kitu?

Mama Kahawa: Limebaki machicha.

Fundi: Basi niazime glasi.

Aliisuuza, akaijaza maji, akatumbukiza mafungu yote matatu, vikonyo chini. Akaingia dukani, akamletea muuguzi sketi yake, akafunga mlango wa duka kabla ya sisi sote kuinuka.

Kinyozi: Sasa utapika na lipi?

Fundi alikuwa ameshika glasi kwa mikono miwili.

Fundi: Atachagua mwenyewe. Mimi nitakalia ndoo.