Boma Alilolichora Bi. Truphena Robi

Bi. Truphena Robi anastaafu tarehe 31 Oktoba 2025, baada ya kuitumikia ofisi yetu ya ramani hapa Migori kwa miaka ishirini na saba.

Alianza kwa karatasi na kalamu ya wino. Kompyuta zilipofika, wengi wetu tulizifunika vitambaa zisiingie vumbi, yeye alizifunua. Ndiye aliyetuletea programu huria ya ramani, ambayo kila mtu anaruhusiwa kuitumia na kuirekebisha. Hata hivyo alitufundisha kwamba programu ni ya wote, bali data za mashamba ni za wenye mashamba.

Wakulima wa Kegonga walikubali udongo wao upimwe dhahabu kwa sharti kwamba ramani ifungwe, madalali wa ardhi wasije kuwahangaisha wajane. Bi. Truphena aliifunga kwa ufunguo wa kidijitali. Katika kila nakala waliyopewa wakandarasi wa upimaji alichora boma moja lisilokuwapo, kila nakala mahali pake, ili ikivuja ajue imetoka kwa nani.

Mwaka wa 2019 dalali mmoja aliingia ofisini akinung'unika.

"Mama, yule nyanya wa boma la kilimani amekataa kuuza! Ametupa maji ya kunywa, kisha akatuambia turudi tulikotoka."

Kilimani hakuishi mtu. Boma hilo lilikuwa katika nakala ya mkandarasi mmoja tu. Bi. Truphena alimpa dalali kiti, akaubatilisha ufunguo wa mkandarasi, na ramani ya madalali ikakataa kufunguka. Mashamba yakapona.

Kesho yake alipanda kilimani na dereva wetu, Joash. Hawakukuta nyumba. Baadaye Joash alitueleza kwamba nyasi zilikuwa zimelala kwa mviringo, sawasawa na mchoro, na katikati palikuwa na kata ya kibuyu, bado inadondosha maji.

Nakala ile ilifutwa. Lakini boma huonekana katika kila picha mpya ya setilaiti. Mwaka huu limeongezewa ghala la mahindi. Hakuna aliyelichora.

Bi. Truphena amemkabidhi ufunguo Bi. Liz Gesare, anayechukua nafasi yake, kwa maagizo mawili: ramani isifunguliwe kabla ya wakulima kuulizwa, na boma lile lisiguswe.

Mama, asante kwa kazi safi. Tunakuombea mapumziko yenye afya na amani. Njia ya kwenda kwako inapita kilimani, na tumekuona sokoni ukinunua sukari na majani ya chai ya nyumba mbili. Ukifika, mfikishie nyanya salamu zetu, na umshukuru kwa mashamba.