Kopo la Mjomba Mfaume

Bisha mpaka mate yakukauke, lakini asubuhi ile, kwenye benchi la Badru muuza kahawa pale Mbagala, Talha alikuwa anajisifia choo. Tena si chake! Cha mjomba wake, Mzee Mfaume, aliyekaa hapohapo kikombe mkononi, kachanua uso kama bwana harusi. Kipimo cha hospitali kilikuta humo damu isiyoonekana kwa macho. Daktari akataka Alhamisi mzee apitishwe kamera ya utumbo, ijulikane kama ni saratani au ni kitu kingine. Mzee akaapa kamera haipiti huko labda awe maiti. Basi Talha akamnywesha mlonge, akabeba kopo jipya lenye choo mpaka maabara ya mtaani, na jibu likarudi: hakuna damu.

— Wiki moja tu! Talha akajipiga kifua. — Nyie mnawaita madaktari, mie nawaita wanafunzi wangu.

— Mlonge unasugua utumbo kama brashi ya chupa, akasema Leodegar, fundi viatu anayeitwa Profesa kwa sababu tu ana miwani. — Ndo maana wahenga wakasema, ukiona vyaelea vimeundwa.

— Profesa, hapo umesema nini? Talha akauliza.

— Nimesema choo kikielea, mtu mzima huyo.

— Mlonge wapi! Badru akadakia. — Kahawa yangu hiyo. Saratani haipendi uchungu.

— Na isitoshe, Profesa akanyanyua kidole, — kipimo ni kama mechi. Kule hospitali mzee alicheza ugenini. Hapa mtaani kacheza nyumbani, kashinda. Kapita!

— Ndo maana kamera nimeifuta, akasema Mzee Mfaume. — Alhamisi naenda zangu Kigamboni, harusi ya mtoto wa binamu yangu Salma.

Talha akapaliwa na kahawa.

— Mjomba, si ungeenda tu? Kujiridhisha.

— Kujiridhisha kwa kuingizwa kamera huko? Mwanangu, una akili?

— Usimvuruge mzee! Profesa akafoka. — La kuvunda halina ubani!

Talha alitamani kuwabandika midomo kwa gundi ya Profesa mwenyewe. Sifa alikuwa amezitaka, ndiyo, lakini za kunywea kahawa, siyo za kufutia kamera. Watu gani hawa, ukiwapa kijiko wanabeba sufuria?

Herieth, mpangaji mpya wa nyumba ya pili, alikuwa amesimama anasubiri kikombe chake.

— Shikamoo mzee. Samahanini, mie mgeni. Hiyo damu ya kwanza ilikuwa inatoka wapi?

Profesa akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Badru akamimina kahawa kwenye kikombe kilichojaa.

— Maana nilidhani ndicho hiyo kamera ilichotaka kwenda kutazama, akasema Herieth.

Mzee Mfaume akamgeukia mpwa wake.

— Talha, si ulisema imeisha?

— Mjomba... kopo lako lilidondoka pale kituo cha Rangi Tatu. Bodaboda iliruka tuta, likapasuka. Nikaona aibu kurudi kukuomba lingine.

— Sasa maabara ulipeleka nini?

Talha akatazama vidole vyake vya miguu.

— Changu.

Mzee akaweka kikombe chini, taratibu.

— Kumbe mzima ni wewe.