Mwenye Wimbo

Mwaka wa 1974, ndani ya basi la Arua kwenda Koboko, mbele yangu walikaa watu wawili wasiojuana. Asuman aliendesha mashine ya sinema mjini mpaka Wahindi walipofukuzwa na ukumbi ukafungwa. Alphonsine, Mkongomani, alikuwa na mzigo wa vitenge.

"Wimbo ya filamu ya Kihindi ni ya mutu anaimba," alisema Alphonsine. "Hapana, mama," alisema Asuman. "Iko mutu alitunga ile muziki yote. Huyo ndiye mkubwa. Mwimbaji ni mdomo tu."

"Jina yake nani, baba?"

Asuman alikohoa. Alikuwa akimsifu mtu huyo tangu tutoke stendi. "Majina ilikuwa nakuja mwanzo ya filamu," alisema. "Watu nataka nyimbo, hapana kusoma. Mimi naruka pale."

"Kila filamu?"

"Kila filamu."

"Basi mkubwa yako, wewe ndiye ulimuficha."

Basi liliposimama Koboko, Asuman alishuka akipiga mluzi mwanzo mrefu wa wimbo mmoja, zile fidla zinazotangulia kabla mwimbaji hajafungua mdomo. Zilipokwisha, Alphonsine, bado ndani ya basi, akadakia kuimba dirishani, palepale panapotakiwa, kwa Kihindi asichokijua.